SHA, Bima ya Kampuni, au Zote Mbili?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, ilipofungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kushika nafasi yake, Wakenya wamekuwa wakiulizana maswali yale yale. Je, nikijiandikisha SHA nimeshapata bima? Kama ninakatwa kwenye mshahara, kwa nini hospitali inaniambia nilipe? Mwenye bima ya kampuni ana haja gani na SHA? Na yule asiye na mshahara, mwenye pesa za bima moja tu, achague ipi?

Majibu yanayotolewa mitaani yanapingana. Wapo wanaosema SHA ni tiba ya bure, na wapo wanaosema ni kodi isiyo na faida. Mawakala wa kampuni za bima nao huuza mikataba yao kana kwamba SHA haipo. Hakuna kati ya hao anayeeleza jambo zima. Uchambuzi huu unajaribu kuzipanga hoja, kuonyesha nguvu na udhaifu wa kila upande, kisha kuzipima kwa jicho la familia inayopaswa kuamua.

Mkanganyiko ulikotoka

NHIF ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya waajiriwa, ikafungua milango kwa watu wa sekta isiyo rasmi baadaye. Katika miaka yake ya mwisho, mwenye mshahara alikatwa kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi, na aliyejiajiri alilipa shilingi 500. Mfumo huo ulikuwa na kasoro mbili kubwa. Kwanza, mwenye mshahara wa 100,000 na mwenye 500,000 walilipa sawa. Pili, hazina yenyewe iliandamwa na madai ya ufisadi na madeni kwa hospitali.

Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii tarehe 19 Oktoba 2023. Safari yake haikuwa laini. Julai 2024, Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakiuka katiba. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na siku chache baadaye SHA ikaanza kazi. Mwananchi aliyesikia Julai kwamba sheria imefutwa, kisha Oktoba akaambiwa ajiandikishe haraka, alikuwa na kila sababu ya kuchanganyikiwa.

Sababu ya pili ya mkanganyiko ni kwamba "SHA" ni jina moja linalofunika mifuko mitatu tofauti. Wa kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi, inayolipiwa na serikali. Huu hugharamia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na Level 3, na anayeutumia anatakiwa awe amejiandikisha tu. Wa pili ni SHIF, mfuko wa michango. Huu ndio unaolipia kulazwa, kujifungua, upasuaji, kusafishwa figo na matibabu ya saratani, na masharti yake ni mchango uliolipwa. Wa tatu ni hazina ya dharura na magonjwa sugu, inayopaswa kuendelea kulipa pale kiwango cha SHIF kinapokwisha. Hapo ndipo kauli mbili zinazopingana zinapopatana: tiba ni bure kweli kwa mwenye kikohozi katika zahanati, na si bure kwa mama anayehitaji upasuaji katika hospitali ya Level 5. Kujiandikisha kunafungua mlango wa kwanza. Mlango wa pili hufunguliwa na mchango.

Nguvu ya SHA

Watetezi wa SHA wana hoja nzito, na ya kwanza ni usawa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu. Anayepata 20,000 hulipa 550, ilhali NHIF ilimkata 750. Anayepata 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Anayepata 500,000 hulipa 13,750 badala ya 1,700. Mwenye kidogo amepunguziwa, mwenye kingi ameongezewa. Hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii, na malalamiko ya wenye mishahara mikubwa, hata kama yanaeleweka, hayaondoi haki iliyomo katika hesabu hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba SHA haimchagui mtu. Haiulizi kama una kisukari, haipimi shinikizo la damu kabla ya kukupokea, wala haikuongezei mchango kwa kuwa umetimiza miaka 70. Mchango mmoja wa nyumba unamfunika mlipaji, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea.

Hoja ya tatu iko katika magonjwa mazito. Chukua mgonjwa wa figo. Kiwango cha SHA cha kusafisha figo ni shilingi 10,650 kwa kila kikao. Anayesafishwa mara mbili kwa wiki anafikisha vikao 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Fedha hizo zinashinda kikomo cha mikataba mingi ya bima ambayo familia ya kipato cha kati inaweza kuimudu, na tena ni gharama inayorudi kila mwaka. Kwa ugonjwa wa aina hii, mfuko wa umma ndio tegemeo lililobaki.

Udhaifu wa SHA

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye namna asiye na mshahara anavyotakiwa kulipa. Mchango wake hutokana na maswali kuhusu hali ya nyumba: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani. Majibu hukadiria kipato, na kipato hicho hutozwa asilimia 2.75, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Kisha mchango wa miezi kumi na miwili unatakiwa kwa mkupuo.

Tuchukue fundi wa jua kali anayekadiriwa kupata 20,000 kwa mwezi. Mchango wake ni 550 kwa mwezi, au 6,600 kwa mwaka. Chini ya NHIF alilipa 6,000 kwa mwaka. Tofauti ya shilingi 600 si kitu cha kumvunja mtu. Kilichombadilikia ni wakati wa kulipa: zamani alitoa 500 kila mwezi, sasa anatakiwa atoe 6,600 siku moja. Kwa mtu anayelipwa kazi ikipatikana, na ambaye Januari ana karo na kodi ya nyumba, hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa. Hiyo ni sababu moja kubwa ya watu zaidi ya milioni 20 kujiandikisha huku sehemu ndogo tu ya sekta isiyo rasmi ikichanga. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanzishwa mwaka 2025 ili mchango ulipwe kwa awamu, ni kukiri kwamba kasoro hiyo ipo.

Udhaifu wa pili ni viwango vya malipo. SHA hulipa hospitali ya Level 4 shilingi 3,360 kwa siku ya kulazwa, na Level 6 shilingi 4,480. Kwa kujifungua kwa kawaida hulipa 10,000, na kwa upasuaji 30,000. Katika hospitali ya umma au ya misheni, fedha hizo zinaweza kutosha au kukaribia kutosha. Katika hospitali kubwa ya binafsi jijini Nairobi ni sehemu tu ya bili, na inayobaki ni ya familia. Saratani nayo iliwekewa mwanzoni shilingi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka kutoka SHIF na 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Ni msaada mkubwa, lakini anayehitaji mizunguko mingi ya dawa pamoja na mionzi anaweza kuumaliza kabla ya mwaka kwisha.

Udhaifu wa tatu ni malipo kuchelewa. SHA ilirithi madeni ya mabilioni kutoka NHIF, na mapema 2025 muungano wa hospitali za binafsi za mijini na mashinani, RUPHA, uliwaambia wanachama wake wasitishe huduma kwa kadi ya SHA kwa sababu ya madeni hayo. Mwenye bima asiyepokelewa hospitalini hana bima, hata kama mchango wake umelipwa hadi senti ya mwisho. Kisha kuna pengo la wagonjwa wa nje. Afya ya msingi imewekwa Level 2 na 3, na mahali ambapo zahanati haina dawa wala mpima damu, mgonjwa hujikuta akilipa mfukoni kwenye duka la dawa.

Bima ya kampuni inauza nini

Kampuni za bima huuza vitu vitatu: haraka, uhuru wa kuchagua hospitali, na matibabu ya nje. Familia yenye watoto wadogo inajua thamani ya hicho cha tatu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja foleni ndefu akiwa na homa, na ziara hizo ni nyingi kwa mwaka. Mwenye bima anaonyesha kadi, alama ya kidole inasomwa, anatibiwa na kwenda nyumbani.

Msingi wa mikataba hiyo ni kulazwa. Matibabu ya nje, uzazi, meno na macho huongezwa kwa ada zaidi. Mnunuzi huchagua kikomo, kwa mfano shilingi 500,000 au milioni mbili, na ada hupanda kulingana na kikomo hicho, umri na idadi ya watu. Sheria ya kodi inamsaidia kidogo: asilimia 15 ya ada ya bima ya afya hupunguzwa kwenye kodi ya mapato, ilimradi nafuu hiyo isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Aliyelipa ada ya 80,000, kwa hiyo, anapata nafuu ya 12,000. Mchango wa SHIF nao, tangu mwisho wa Desemba 2024, huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa.

Sehemu ambayo wengi hawaisomi

Mkataba wa bima ya kampuni husomwa vizuri kwa kuanzia nyuma, kwenye masharti. Kuna muda wa kusubiri: kwa kawaida siku 30 kwa ugonjwa wa kawaida, na karibu mwaka mzima kwa uzazi. Mama anayenunua bima akiwa tayari mjamzito atajilipia mwenyewe. Maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga ama husubiri, ama huwekewa kikomo kidogo ndani ya kikomo kikubwa. Bima ya milioni mbili inaweza kuwa na 300,000 tu kwa ugonjwa sugu, na nambari hiyo ndogo ndiyo inayomhusu mwenye kisukari.

Kuna pia swali la kikomo cha nani. Kikomo cha pamoja cha familia kinamaanisha kwamba ajali ya baba mwezi Februari inaweza kuwaacha watoto bila chochote hadi mwaka uishe. Kuna umri: kampuni nyingi hazimpokei mwanachama mpya aliyepita miaka 60 au 65, na ada ya wazee hupanda kila mkataba unapohuishwa. Na kuna uhai wa kampuni yenyewe. Mwaka 2022 Resolution Insurance, iliyokuwa na wateja wengi wa bima ya matibabu, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja wake wakalazimika kutafuta pa kwenda.

Udhaifu huu wote unatoka kwenye shina moja. Kampuni ni biashara, na biashara ya bima hupata hasara inapowapokea wanaougua kwa bei ya wazima. Kwa hiyo hujilinda kwa masharti. Haitendi uovu kwa kufanya hivyo, lakini ulinzi wake huanguka juu ya mtu anayehitaji bima zaidi ya wote: mgonjwa, mzee, na mama mjamzito.

Kwa nini kila mfumo unayumba

Bima yoyote, ya umma au ya kampuni, husimama kwa wazima kuchangia wagonjwa. Ikibaki na wagonjwa peke yao, inaanguka. Tanzania imelipitia jambo hili. Mfuko wake wa Taifa wa Bima ya Afya uliwahi kuuza Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 za Tanzania kwa mtoto kwa mwaka, bei ambayo wazazi wengi waliweza kuifikia. Mwaka 2023 utaratibu wa mzazi kumsajili mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na mfuko ulieleza kwamba wengi walioandikishwa walikuwa watoto ambao tayari ni wagonjwa. Wazazi waliumia, na kilio chao kilikuwa cha haki. Hesabu ya mfuko nayo ilikuwa ya kweli. Pale kujiunga ni hiari, kila mtu hungoja augue.

Kampuni hujibu tatizo hilo kwa muda wa kusubiri. SHA imelijibu kwa kulazimisha kila mtu kisheria na kudai mchango wa mwaka mzima kabla ya huduma. Majibu yote mawili yana mantiki, na yote mawili yana gharama. Jibu la kampuni linamwacha mgonjwa nje. Jibu la SHA linamwacha nje kibarua asiye na 6,600 mkononi, na akikaa nje, fedha za wazima alizopaswa kuleta hazifiki, hospitali hazilipwi kwa wakati, huduma inazorota, na mwenzake anayechanga anaanza kujiuliza kwa nini achange. Mzunguko huo ndio hatari kubwa inayoikabili SHA, kuliko hata kiwango cha asilimia 2.75 kinachobishaniwa kila siku.

Njia zilizo katikati

Si kila familia ina chaguo mbili tu. Mwajiri mwenye bima ya kikundi huwapa wafanyakazi mkataba mzuri kuliko ule wa mtu binafsi, kwa kuwa kampuni hupokea kundi zima, wazima na wagonjwa, na mara nyingi huachana na maswali ya maradhi ya awali. Kasoro yake ni kwamba bima huisha kazi inapoisha. Aliyestaafu akiwa na miaka 60, mwenye shinikizo la damu, hujikuta anatafuta bima katika umri ambao milango imeanza kufungwa.

Vyama vya akiba na mikopo pamoja na vikundi vya kina mama vinaweza kununua bima ya kikundi vivyo hivyo, na ni njia isiyotumiwa vya kutosha. Zipo pia bima ndogo zinazouzwa kwa simu, zinazolipa kiasi fulani kwa kila usiku wa kulazwa. Ni nafuu na zinasaidia kufidia siku za kazi zilizopotea, lakini hazilipi bili ya hospitali na zisinunuliwe kwa matarajio hayo. Michango ya WhatsApp na harambee inaonyesha utu wetu. Hata hivyo huja baada ya ugonjwa, na hufuata ukubwa wa ukoo na marafiki badala ya ukubwa wa bili.

Kupima

Jambo la kwanza limekwisha kuamuliwa na sheria: kila mkazi anatakiwa kuwa SHA, na bima ya kampuni haimwondolei mtu wajibu huo. Mikataba mingi ya kampuni pia huhesabu kwamba SHA italipa sehemu yake kwanza. Mwenye kadi ya kampuni ambaye mchango wake wa SHA umelala anaweza kudaiwa sehemu hiyo. Kwa hiyo swali la "SHA au kampuni" limekaa vibaya. Swali lenye maana ni: juu ya SHA, niongeze nini, na kwa fedha zipi?

Kwa familia ya kipato kidogo, jibu ni SHA iliyolipwa, na akiba ndogo ya matibabu ya nje. Kununua bima ya kampuni yenye kikomo kidogo huku SHA haijalipwa ni kukinga manyunyu na kuacha mafuriko.

Kwa familia yenye mgonjwa wa figo, saratani au kisukari, mchango wa SHA usikatike hata mwezi mmoja. Bima ya kampuni kwao ni nyongeza, na waulize swali moja kabla ya yote: kikomo cha ugonjwa huu hasa ni shilingi ngapi?

Kwa familia ya kipato cha kati yenye watoto wadogo, kuongeza bima ya kampuni kuna maana, hasa ya kulazwa yenye kikomo kikubwa. Matibabu ya nje wayapigie hesabu: kama ada yake inazidi kile wanachotumia kliniki kwa mwaka, heri waweke fedha hizo wenyewe. Wanaopanga kuzaa wanunue mapema, mwaka mmoja kabla.

Kwa anayekaribia kustaafu, wakati wa kutafuta mkataba binafsi ni kabla ya kuondoka kazini, angali kijana kiasi na hana rekodi ndefu ya maradhi.

Kwa muhtasari

SHA ina haki zaidi na hubeba mzigo mzito, lakini hulipa hospitali polepole na inamwomba maskini alipe kwa namna asiyoiweza. Bima ya kampuni ina kasi na heshima ya huduma, lakini inachagua watu na ina ukomo. Moja haichukui nafasi ya nyingine. SHA ni msingi. Kampuni ni nyongeza kwa anayeweza.

Serikali ina kazi mbili ambazo haziwezi kungoja: kuwafanya watu wasio na mshahara waweze kuchangia kwa mwezi, au hata kwa wiki, moja kwa moja bila kubebeshwa deni, na kuzilipa hospitali kwa wakati. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na haki hiyo haitimizwi na idadi ya waliojiandikisha.

Nawe msomaji, piga *147# leo, uangalie kama mchango wako uko hai na kama majina ya mwenzi na watoto wako yapo. Kama una mkataba wa kampuni, utoe kabatini na usome ukurasa wa masharti kabla hujaugua.